Jerry Garcia: Mwalimu wa Gitaa Aliyefunzwa Upya

Utangulizi

Si nadra katika fani ya muziki kumpata mpigaji hodari asiyeweza kumwelekeza mwenziwe hata hatua moja, wala si nadra kumpata mwalimu stadi ambaye vidole vyake haviwezi kuyatenda yale anayoyafundisha. Jerome John Garcia, Mmarekani aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Jerry Garcia, alijaliwa yote mawili. Kabla ya kuwa mhimili wa bendi ya muziki wa roki ya Grateful Dead, alikuwa mwalimu wa gitaa na banjo katika duka la ala za muziki. Na zaidi ya miaka ishirini baada ya kuiacha kazi hiyo, akiwa amekwisha kupata sifa ambazo wachache huzipata, alilazimika kuketi kama mwanafunzi wa siku ya kwanza na kufunzwa upya ala ile ile aliyokuwa amewafunza wengine.

Maisha yake yana mvuto wa pekee kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Ijapokuwa aliishi katika zama za santuri na redio, Garcia alikuwa fanani kwa maana kamili ya neno hilo. Kazi yake haikukamilika studioni. Ilikamilika mbele ya hadhira, na kila usiku ilikamilika kwa namna tofauti. Aidha, maisha hayo yanabeba onyo zito kuhusu kipaji kinachosifiwa na kila mtu ilhali mwenyewe anaangamia hadharani.

Kuzaliwa na Malezi

Garcia alizaliwa tarehe 1 Agosti 1942 mjini San Francisco, katika jimbo la California. Baba yake, Jose Ramon Garcia, alikuwa mhamiaji kutoka eneo la Galicia, kaskazini magharibi mwa Uhispania. Alipiga klarineti na saksafoni na kuongoza bendi ya dansi, kisha akauacha muziki na kufungua baa karibu na bandari. Mama yake, Ruth Clifford, alikuwa muuguzi aliyependa kupiga piano. Wazazi hao walimpa mtoto wao jina la Jerome kwa kumuenzi Jerome Kern, mtunzi maarufu wa nyimbo za maigizo ya jukwaani.

Utoto wake uliandamwa na misiba miwili. Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka minne, alikuwa akimsaidia kaka yake kupasua kuni. Shoka likateleza na kukata takriban theluthi mbili ya kidole cha kati cha mkono wake wa kulia. Mwaka uliofuata, 1947, familia ilipokuwa likizoni kaskazini mwa California, baba yake alichukuliwa na maji ya mto alipokuwa akivua samaki, akafa. Mjane akalazimika kuiendesha baa mwenyewe, na watoto wakapelekwa kulelewa na babu na nyanya yao upande wa mama. Nyanya huyo alipenda muziki wa mashambani uliorushwa na redio kutoka Nashville, na ni katika nyumba yake ambamo Garcia aliizoea sauti ya banjo tangu angali mdogo.

Alipotimiza miaka 15, mwaka 1957, mama yake alimpa zawadi ya kodiani. Kijana hakufurahi. Alikuwa amekwisha kutekwa na mdundo wa roki, hasa upigaji wa Chuck Berry, na moyo wake ulikuwa kwenye gitaa la umeme. Baada ya kunung'unika vya kutosha, alikubaliwa kuipeleka kodiani hiyo katika duka la kuweka rehani na kuibadilisha kwa gitaa na kipaza sauti kidogo. Hakuwa na mwalimu, wala hakujua namna ya kulilinganisha gitaa lenyewe. Kwa miezi kadhaa alilipiga kwa namna aliyojibunia, hadi alipokutana na watu waliomwonyesha njia. Huenda ndiyo sababu, alipokuja kuwa mwalimu, alijua vyema pale ambapo mwanafunzi asiyejua lolote hukwama.

Katika kipindi hicho hicho alisomea uchoraji katika Shule ya Sanaa ya California, mjini San Francisco, chini ya mchoraji Wally Hedrick. Sanaa ya brashi haikumwacha mpaka mwisho wa maisha yake. Shule ya kawaida, hata hivyo, haikumvutia, na hakuikamilisha. Mwaka 1960 alijiunga na jeshi la nchi yake. Akatoroka kambini mara kwa mara kiasi cha kuachishwa kazi kabla ya mwaka huo kwisha.

Ajali ya Mwaka 1961

Aliporudi uraiani, Garcia alikuwa kijana asiye na kazi, asiye na makao ya kudumu, akilala garini au kwa marafiki katika mji wa Palo Alto. Usiku wa tarehe 20 Februari 1961, gari alilokuwa akisafiria pamoja na wenzake lilikosa mwelekeo kwa mwendo wa kasi na kupinduka. Garcia alirushwa nje kupitia kioo cha mbele na kuangukia shambani, bega likiwa limevunjika mfupa. Kijana mmoja wa miaka 16, rafiki yake aliyekuwa na kipawa kikubwa cha uchoraji, alifariki papo hapo.

Tukio hilo liliyagawa maisha yake mafungu mawili. Baadaye aliihesabu ajali ile kuwa ndiyo mwanzo halisi wa maisha yake, kwani ilimfanya aone kwamba alikuwa akiishi kwa muda wa nyongeza na kwamba hakuwa na haki ya kuupoteza. Aliweka uchoraji kando na kuishika ala kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha shuleni wala jeshini. Muda mfupi baadaye, mwaka huo huo wa 1961, alikutana na Robert Hunter, kijana mshairi ambaye angekuja kumwandikia maneno ya nyimbo zake kwa zaidi ya miaka 25. Ushirikiano wao ulifanana na ule unaofahamika katika taarabu, ambapo malenga hutunga maneno na mwingine akayatia mahadhi. Hunter aliandika, Garcia alitafuta sauti ambayo maneno hayo yalikuwa yakiidai.

Mwalimu wa Palo Alto

Kuanzia mwaka 1962 Garcia alizama katika muziki wa jadi wa Wamarekani wa milimani na hasa banjo, ala ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na ambayo ilivushwa bahari na watu waliotiwa utumwani. Mtindo wa banjo uliokuwa ukivuma wakati huo, ule wa Earl Scruggs, huhitaji kidole gumba, cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia. Garcia hakuwa na kidole cha kati kamili. Badala ya kukata tamaa, aliutafutia mkono wake njia yake. Alikaa na santuri saa nyingi kila siku, akizichezesha polepole ili kila noti isikike peke yake, na kuyarudia mapigo hadi yakamwingia.

Ujuzi huo ndio uliompatia riziki. Alipata kazi ya kufundisha gitaa na banjo katika duka la ala za muziki la Dana Morgan, mjini Palo Alto. Wanafunzi wake wengi walikuwa vijana wa shule waliokuja mara moja kwa juma. Kipato kilikuwa kidogo, na tayari alikuwa na mke na mtoto wa kike aliyezaliwa Desemba 1963. Lakini chumba kile cha kufundishia kilimpa kitu ambacho majukwaa ya vilabu vidogo hayakuweza kumpa. Kumfunza mwingine kulimlazimu ajue si kwamba noti fulani inafaa tu, bali pia ni kwa nini inafaa.

Mfano wa ari yake ni ule wa usiku wa tarehe 31 Desemba 1963. Kijana wa miaka 16 aitwaye Bob Weir alikuwa akipita uchochoroni nyuma ya duka pamoja na rafiki yake, wakasikia banjo ikilia ndani. Walipobisha hodi walimkuta Garcia akiwasubiri wanafunzi wake, bila kutambua kwamba ulikuwa mkesha wa Mwaka Mpya na kwamba hakuna mwanafunzi ambaye angekuja. Vijana wale wakamshawishi afungue sehemu ya mbele ya duka, wakachukua ala na kupiga pamoja usiku mzima. Kutokana na mkesha huo ilizaliwa bendi ya ala za jadi iliyotumia hata mtungi kama ala ya kupuliza. Weir alibaki naye jukwaani hadi mwisho.

Mwalimu huyo hakuacha kuwa mwanafunzi. Mwaka 1964 alisafiri kwa gari na rafiki yake hadi majimbo ya kusini, wakiwa na kinasa sauti, kuwasikiliza na kuwarekodi mabingwa wa muziki wa bluugrasi palipo chimbuko lake. Alitamani kumwomba Bill Monroe, mwasisi wa mtindo huo, ampe nafasi katika bendi yake. Alipofika mbele yake ulimi ulimwia mzito, akarudi California bila ya kuomba. Kutothubutu huko kulibadilisha historia ya muziki wa roki.

Kuzaliwa kwa Grateful Dead

Mwaka 1965 bendi ya ala za jadi iligeuka bendi ya ala za umeme. Chanzo cha mageuzi hayo kilikuwa Ron McKernan, kijana mpenzi wa bluzi aliyejulikana kwa jina la utani la Pigpen. Bill Kreutzmann, ambaye pia alikuwa akifundisha ngoma, alishika ngoma, na mwana wa mwenye duka akapiga gitaa la besi. Waliitwa The Warlocks. Haukupita muda kabla ya mpigaji besi kubadilishwa. Garcia alimwalika Phil Lesh, aliyekuwa amesomea utunzi na kupiga tarumbeta lakini hajawahi kushika besi maishani mwake. Somo alilompa lilikuwa fupi mno: nyuzi nne za besi ni zile nyuzi nne nene za gitaa, ila zimeshushwa. Zaidi ya hapo alimwachia Lesh nafasi ya kujitafutia. Mwalimu mwingine angemkataa mwanafunzi wa aina hiyo. Garcia aliona kwamba mtu asiyelemewa na mazoea ya ala angeweza kuipigia kwa namna mpya, na ndivyo ilivyotokea.

Walipogundua kwamba jina lao lilikuwa limekwisha kutumiwa na wengine, Garcia alifungua kamusi na macho yake yakaangukia maneno Grateful Dead, yaani wafu wenye shukrani. Maneno hayo ni istilahi ya wataalamu wa ngano. Hutaja kundi la hadithi zinazopatikana katika jamii nyingi, ambamo msafiri hukuta maiti iliyonyimwa mazishi kwa sababu ya deni, akalilipa deni hilo kwa fedha zake za mwisho, na baadaye akasaidiwa na mgeni ambaye hatimaye hujitambulisha kuwa ndiye yule marehemu. Ni nadra kwa bendi ya roki kujipa jina linalotokana na uainishaji wa fasihi simulizi.

Bendi hiyo ilikulia katika mtaa wa Haight-Ashbury mjini San Francisco, uliokuwa kitovu cha vijana walioasi vita vya Vietnam na maisha ya wazazi wao. Walikuwa wapigaji wa sherehe za mwandishi wa riwaya Ken Kesey, ambazo dawa ya LSD, ambayo haikuwa imepigwa marufuku California hadi Oktoba 1966, iligawiwa kwa wingi. Mickey Hart, mpigaji ngoma wa pili, alijiunga mwaka 1967, mwaka ambao albamu yao ya kwanza ilitoka. Walipiga katika tamasha la Monterey mwaka huo na lile la Woodstock mwaka 1969. Mwaka 1970 walitoa albamu mbili, Workingman's Dead na American Beauty, ambazo ziliwarudisha kwenye nyimbo fupi za sauti zilizopatana na ala za mbao. Mama yake Garcia alifariki Septemba mwaka huo kutokana na ajali ya gari, wakati albamu ya pili ikirekodiwa.

Ala Nyingi, Mkono Mmoja

Wengi humtaja Garcia kama mpiga gitaa tu, na hilo humpunguzia haki yake. Mwaka 1969 alianza kujifunza gitaa la kulazwa, ambalo mpigaji hukaa mbele yake, akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku miguu na magoti yakisukuma vikanyagio vinavyobadilisha sauti. Ni ala ambayo wapigaji wengi huitumikia miaka kabla ya kuthubutu kuipeleka hadharani. Garcia aliunda bendi ya pembeni, New Riders of the Purple Sage, ili tu apate mahali pa kuifanyia mazoezi. Mnamo 1970 kundi la Crosby, Stills, Nash and Young lilipotoa wimbo uitwao Teach Your Children, unaohusu wazazi na watoto kufunzana, ala inayosikika ikiupamba mwanzo hadi mwisho ni hiyo, na mpigaji ni Garcia.

Mwaka 1972 alitoa albamu yake binafsi ya kwanza, iliyoitwa Garcia. Kando na ngoma zilizopigwa na Kreutzmann, karibu kila ala iliyomo aliipiga mwenyewe: gitaa la mbao, la umeme, la kulazwa na la besi, pamoja na piano na kinanda. Mwaka 1973 alirudi kwenye banjo katika kundi la Old and In the Way, pamoja na David Grisman aliyepiga mandolini na Vassar Clements aliyepiga fidla. Kundi hilo lilidumu kwa miezi michache tu, lakini rekodi ya onyesho lake iliyotolewa mwaka 1975 iliwafikia wasikilizaji wengi ambao hawakuwa wamewahi kusikia bluugrasi.

Katika gitaa la umeme, mtindo wake ulitambulika kwa noti chache za kwanza. Kila noti aliipiga kwa uwazi, kama mpigaji banjo asiyetaka sauti moja imezwe na nyingine. Hakuwa na haraka ya kuonyesha kasi. Sentensi zake za muziki zilikuwa ndefu na zilipumua, zikapanda, zikasita, zikarudi nyuma na kuanza tena, mfano wa msimuliaji anayejua kwamba hadhira haitaondoka. Sauti yake ya kuimba ilikuwa nyembamba na isiyo na nguvu nyingi. Hata hivyo, katika nyimbo za huzuni, udhaifu huo ndio uliozifanya ziaminike.

Fanani na Hadhira Yake

Jambo lililoitofautisha bendi hii na nyingine za wakati wake ni kwamba haikuitegemea studio. Chukua mfano wa wimbo Dark Star. Ulipotolewa kama santuri mwaka 1968 haukufika dakika tatu. Katika albamu ya jukwaani ya mwaka 1969, Live/Dead, wimbo huo huo unazidi dakika 20. Maneno hayakuongezwa. Kilichoongezwa ni ubunifu wa papo kwa papo, ambapo kila mpigaji alisikiliza alichotoa mwenziwe na kujibu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua hapa kanuni anayoifahamu: matini ni kiunzi, na utendaji ndio unaoipa mwili na roho.

Onyesho halikuwa na orodha ya nyimbo iliyopangwa kabla. Kwa hiyo shabiki aliyehudhuria usiku tatu mfululizo alipata maonyesho matatu tofauti. Ndiyo sababu maelfu ya watu waliifuata bendi kutoka mji hadi mji, wakiishi kwa kuuza chakula na mavazi nje ya viwanja. Hadhira haikuwa watazamaji tu, kwani upokezi wake uliathiri uchaguzi wa wimbo, urefu wake na hata kufaulu kwake.

Muhimu zaidi ni suala la kurekodi. Wakati wasanii wengi walikuwa wakiwafukuza waliokuja na vinasa sauti, Grateful Dead iliwavumilia, na mwaka 1984 ikawatengea sehemu maalumu ukumbini. Sharti lilikuwa moja: kanda zibadilishwe bure, zisiuzwe. Garcia, ambaye mwaka 1964 alikuwa amebeba kinasa sauti chake kuwarekodi wazee wa kusini, hakuona sababu ya kuwanyima wengine fursa aliyokuwa ameipata mwenyewe. Wafanyabiashara walidhani ni kujitia hasara. Matokeo yalikuwa kinyume: kanda zilizunguka mkono kwa mkono, zikaleta mashabiki wapya, na zikaacha kumbukumbu ya maonyesho mengi mno kati ya zaidi ya 2,300 ambayo bendi ilifanya katika miaka 30. Rekodi ya onyesho la tarehe 8 Mei 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell imehifadhiwa katika sajili ya kitaifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, nazo nyaraka za bendi zimewekwa katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz.

Usiku wa Giza, Misri

Mnamo tarehe 14 hadi 16 Septemba 1978, bendi ilipiga chini ya piramidi za Giza nchini Misri. Mapato yalitolewa kwa idara ya mambo ya kale na shughuli za hisani, na gharama ziliwaelemea wapigaji wenyewe. Usiku wa mwisho mwezi ulipatwa, giza likatanda juu ya jangwa muziki ukiendelea.

Lililo muhimu kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni mgeni waliyepiga pamoja naye. Hamza El Din alikuwa Mnubi, mpigaji wa udi, ala ile ile inayobeba taarabu ya Unguja na Lamu. Vijiji vya kwao vilikuwa vimefunikwa na maji ya Bwawa la Aswan, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuuhifadhi muziki wa watu waliopoteza ardhi yao. Jukwaani alianza kwa kuimba pamoja na wanaume wa Kinubi waliopiga tari na makofi kwa mdundo uliopishana. Wanabendi wakaingia mmoja baada ya mwingine, polepole, bila kuuvunja mdundo wa wenyeji. Garcia, mpigaji aliyekuwa na uwezo wa kuujaza uwanja mzima kwa gitaa lake, alisubiri kwanza, akasikiliza, kisha akaingia kwa noti chache. Aliifahamu vyema tofauti kati ya kushiriki na kuvamia.

Kuanguka na Kufunzwa Upya

Kufikia wakati huo, hata hivyo, kikulacho kilikuwa kimekwisha kuingia nguoni. Tangu katikati ya miaka ya 1970 Garcia alikuwa ametekwa na heroini. Alijitenga, akavuta sigara bila kipimo, akala ovyo na kunenepa kupita kiasi. Kuna miaka ambayo alisimama jukwaani akiwa ameinamisha kichwa, hasemi na mtu. Januari 1985 alikamatwa akiwa na dawa za kulevya ndani ya gari lake katika bustani ya Golden Gate.

Lawama hapa haiwezi kumwangukia yeye peke yake, wala haiwezi kumwondokea. Bendi ilikuwa imekuwa taasisi yenye wafanyakazi wengi na familia nyingi zilizotegemea mapato ya jukwaani. Garcia alipopumzika, hakuna aliyekula vizuri. Alikataa kuitwa kiongozi, lakini alibeba mzigo wa kiongozi. Na kwa kuwa alikataa cheo hicho, hakuitumia mamlaka ya kusema kwamba safari zisimame. Mashabiki nao walishangilia hata usiku alipopiga vibaya. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ila katika kisa hiki mgema mwenyewe ndiye aliyekuwa akizama.

Tarehe 10 Julai 1986 alianguka na kupoteza fahamu kwa siku tano kutokana na kisukari. Alipozinduka, mwili uliitika polepole, na vidole vilikuwa vimesahau. Mtu aliyepiga gitaa kwa miaka 29 hakuweza kuunganisha noti mbili. Aliyekuja kumsaidia ni Merl Saunders, mpigaji kinanda Mweusi wa San Francisco ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amemfunza Garcia mengi kuhusu jazi na upatanifu wa sauti. Saunders alikaa naye siku baada ya siku. Walianza na hatua za kutembea, kisha sauti moja moja, kisha nyimbo nyepesi, hadi mikono ikakumbuka njia. Yule mwalimu wa Palo Alto, aliyekuwa amewaonyesha watoto wa shule mahali pa kuweka kidole, sasa alionyeshwa yeye.

Oktoba mwaka huo alirudi jukwaani na bendi yake ndogo, na tarehe 15 Desemba 1986 akasimama tena na Grateful Dead mjini Oakland. Mwaka uliofuata wimbo wao Touch of Grey ukaingia katika nyimbo kumi za kwanza nchini Marekani, jambo ambalo halikuwahi kuwatokea kwa zaidi ya miaka 20. Miaka michache iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Pamoja na Grisman alirudia ala za mbao, na mwaka 1993 wawili hao walitoa albamu ya nyimbo za watoto, Not for Kids Only.

Umaarufu huo mpya ulileta umati usiomithilika, na umati ukaleta fujo. Garcia alirudia heroini. Julai 1995 vurugu ziliilazimisha bendi kufuta onyesho huko Indiana. Tarehe 9 Julai alipiga kwa mara ya mwisho na bendi yake katika uwanja wa Soldier Field, Chicago. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Agosti 1995, alifariki usingizini kwa mshtuko wa moyo katika kituo cha kuwatibu walioathiriwa na dawa za kulevya kaskazini mwa San Francisco. Alikuwa ameingia hapo kwa hiari yake. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Hitimisho

Wanabendi waliobaki waliamua kutolitumia tena jina la Grateful Dead, wakaendelea kupiga chini ya majina mengine. Sehemu ya majivu ya Garcia ilimiminwa katika mto Ganges nchini India na nyingine katika ghuba ya mji aliozaliwa.

Urithi wake una pande mbili, na kuukata mmoja ni kumsingizia. Upande wa kwanza ni wa mtu aliyethibitisha kwamba kilema cha kidole hakiamui kiasi cha muziki uliomo moyoni, kwamba ala mpya inaweza kuanzwa wakati wowote, na kwamba sanaa inayogawiwa bure hudumu kuliko inayofungiwa sandukuni. Upande wa pili ni wa mtu ambaye kila aliyempenda alimshangilia, na ni wachache waliomzuia. Alipopoteza fahamu na kuamka bila ujuzi wake, alimpata mwalimu aliyekuwa tayari kuanza naye tena kutoka noti ya kwanza. Katika suala la dawa za kulevya, mwalimu wa namna hiyo alihitajika mapema zaidi, na alihitajika kila siku.

Elimu ni bahari, na Garcia aliiogelea kutoka pande zote: kama mwanafunzi asiyejua kulinganisha nyuzi, kama mwalimu wa vijana wa mtaani, kama fanani mbele ya maelfu, na kama mgonjwa anayejifunza upya. Vyeti vyake vya shule havikuwa na uzito. Aliyoyaacha yamo katika maelfu ya kanda, katika vyuo vikuu vinavyozihifadhi, na katika mikono ya wapigaji ambao hadi leo hujifunza kwa njia aliyojifunza yeye: kuketi, kusikiliza, kupunguza mwendo, na kurudia.